Vidole Ndani ya Televisheni

"Mnaangalia nini sana sana?" Jepkorir aliniuliza. "Mpira? Sinema? Ama ni mahubiri tu?"

"Vidole," nikamwambia.

Aliinua macho kutoka kwenye kompyuta aliyokuwa ameifungua kifua. Kibanda chake kiko nyuma ya stendi ya Kitale, upana wake kama kitanda cha mtu mmoja, na kuta zake zimening'inizwa nyaya kama matumbo ya mbuzi siku ya sherehe. Jepkorir ana diploma ya mambo ya kompyuta na ulimi usiomwogopa mteja.

"Vidole vya nani, auntie?"

"Vyangu."

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. Ikabidi nikae kwenye kigoda chake nimweleze kutoka mwanzo, ingawa siku hiyo hata kueleza kulinichosha.

Mimi ni mtafsiri wa lugha ya ishara. Kila Jumapili asubuhi husimama mbele ya kanisa letu hapa Matisi na kugeuza maneno ya mhubiri kuwa mikono, kwa ajili ya viziwi wanne. Nikimaliza, kabla sijatia kitu tumboni, nashika njia ya Bungoma. Huko kuna kanisa jingine lenye viziwi saba wanaokaa benchi la kwanza upande wa kushoto, na ibada yao ya saa nane hainingojei. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa. Nilianza nikiwa msichana wa kuruka mitaro. Sasa nina miaka arobaini na saba, na mwezi wa pili mwaka huu nilichoka. Sikuugua. Nilichoka tu, uchovu ule ambao ukilala nao unaamka nao, na asubuhi unavaa viatu pamoja nao.

Ndipo nikamwomba Mchungaji Sifuna wa Bungoma anitumie mahubiri yake kwa sauti kila Ijumaa. Ningejirekodi nyumbani kwangu Matisi nikiyatafsiri, wao wangeweka picha yangu kwenye televisheni Jumapili, nami ningekaa kwangu. Mchungaji alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. "Terevisheni tunayo," alisema. "Imekaa pale ukutani inaonyesha maneno ya nyimbo tu. Hata nayo itumike."

Kompyuta ilikuwapo pia, nyembamba, kuukuu, iliyotoka ofisi fulani ya shule. Njia yake pekee ya kufika kwenye televisheni ilikuwa waya wenye kichwa cha njano, kama wa deki za zamani. Jumapili ya kwanza, waliniambia, wekundu wa blauzi yangu ulimwagika hadi shingoni na vidole vyangu vikawa uji.

Hilo tungelivumilia. Lakini kwenye matangazo ya siku ile nilikuwa nimesema kwamba madaktari wanaopima watu wenye ulemavu wangekuja hospitalini tarehe saba. Wangekuja siku moja tu. Mzee Makokha, fundi cherehani wa soko la Bungoma na mkubwa wa benchi lile, alifunga kibanda chake, akavaa koti, akaenda tarehe nane. Alikuta askari akipanga viti. Bila kupimwa hakuna cheti, na bila cheti Makokha hawezi kuwa kwenye orodha ya mafundi walioahidiwa cherehani za umeme. Yake ya miguu imemla magoti.

Mchungaji alinipigia simu. "Usijilaumu, dada Nasimiyu. Makokha amezeeka. Macho hayo."

"Si macho yake," nilimwambia. "Ni hiyo televisheni yenu. Picha ni mbaya."

Nilisema hivyo kwa hasira, na nikaamini.

"Basi si televisheni," Jepkorir alisema nilipomaliza. Aligonga mgongo wa kompyuta kwa bisibisi. "Televisheni yenu ni mpya, haina kosa. Shida ni huku inakotoka. Hii mashine inachora picha na nguvu zake yenyewe, na hizo nguvu haina. Ni kama mtu anateka maji na viganja. Inataka kadi ya picha."

Kadi ya picha, alinionyesha, ni kibao kidogo kinachochomekwa ndani ya kompyuta, na kazi yake ni hiyo moja: kuchora picha na kuisukuma hadi kwenye kioo. Zipo za kila namna. Nyingi hazingeingia kwenye mashine yetu kwa sababu ya wembamba wake, na nyingine zingetaka umeme ambao haikuwa nao. "Tunatafuta fupi, isiyokula stima," alisema, akapekua sanduku, akaleta mbili.

Alizijaribu mbele yangu kwa picha ya maporomoko ya maji. Kadi ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili iliyafanya yale maji yang'ae, majani yakawa kijani cha asubuhi baada ya mvua, na kasuku mmoja akapita na rangi ambazo sijui kama Mungu mwenyewe anazikumbuka.

"Hiyo," nikasema. Nilichagua kadi iliyonitia kiu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Bungoma kujionea. Nilisimama nyuma, karibu na mlango, nikajitazama ukutani. Kanisa zima liligeuza shingo. Mama mmoja mbele yangu alimnong'oneza mwenzake, "Ona Nasimiyu, kama mtangazaji wa habari." Mchungaji alinionyesha kidole gumba kutoka madhabahuni. Nilihisi mabega yangu yakishuka kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Ibada ilipoisha nilikwenda kwenye benchi la kwanza. Emmy, binti anayesuka nywele karibu na soko, aliniambia kwa mikono kwamba ilikuwa nzuri. Alisema "nzuri" jinsi mtu anavyosifu chakula cha mgonjwa. Makokha hakuwa na adabu hizo. Viziwi hawazunguki mbuyu. Kama umenenepa watakuambia umenenepa kabla ya salamu.

"Kikombe," aliniita. Hilo ndilo jina langu la ishara, mkono uliokunjwa ukipelekwa mdomoni. Jina la ishara hujipi, hupewa na kiziwi, na Makokha alinipa langu siku ya kwanza nilipojaribu kumsalimu huku nimeshika chai, nikaimwaga yote kwenye suruali yake. "Kikombe, blauzi yako ni nzuri sana. Nimehesabu vifungo vyote."

"Na maneno?"

"Vidole vinaruka. Unaanza kusema Yesu alipanda mashua, kabla hujafika kwenye mashua tayari umeshuka ng'ambo."

"Lakini picha ni safi. Kila mtu amesema."

"Kila mtu anasikia," Makokha alisema. "Mtu anayesikia huangalia televisheni kwa masikio. Macho anayaacha yacheze. Kadi hutachagua wewe. Tutachagua sisi."

Jumatano walikuja Kitale, yeye na Emmy, na kompyuta ya kanisa ameifunga kwa kitambaa cha sare za shule ambazo hakuwa amezimaliza kushona. Kulikuwa na mvua nyembamba ile isiyolowesha wala kuisha. Nilikuwa nimewangoja kwa Jepkorir na chupa ya chai, nikamwomba Emmy anifungulie kifuniko kwa sababu kilikuwa kimekaza.

"MZEE KARIBU!" Jepkorir alipiga kelele, mpaka mwuza viatu wa jirani akachungulia. "KARIBU SANA! KAA HAPA!"

Makokha alimtazama mdomo uliopanuka, akanigeukia. "Mwambie aongeze kidogo. Amekaribia kuniponya."

Emmy alicheka hadi akashika ukuta. Nilipomtafsiria, Jepkorir alijifunika uso. "Aki woishe, nisamehe mzee," akasema, safari hii kwa kunong'ona, na hilo nalo likamfurahisha Makokha.

Tulikubaliana jinsi ya kupima. Jepkorir alinirekodi kwa simu yake nikitaja kwa mikono mambo ishirini: siku za wiki, tarehe, majina ya vitabu vya Biblia, namba za zaburi. Nilitaja haraka, kama ninavyotafsiri kanisani. Kisha picha ile ingechezwa kwenye televisheni ya kibandani, mara moja kwa kila kadi, na kila mara mpangilio ungebadilishwa ili wasikariri. Emmy na Makokha wangeandika walichoona, wamepeana migongo kama watoto wa mtihani.

Makokha alikuwa na dakika za kungoja Jepkorir akifungua skrubu. Aliona pazia la kibanda limechanika. Alitoa sindano kwenye ukosi wa koti lake, akalamba uzi, akautia kwenye tundu mara moja bila miwani, akaanza kushona. Nilimtazama, nikakumbuka simu ya Mchungaji. Macho yale hayakuwa na neno.

Kadi ya kwanza ilikuwa ile ya kasuku. Kati ya ishirini, Makokha alipata kumi na moja, Emmy kumi na mbili.

"Na ndiyo nilikuuzia," Jepkorir alisema, akikuna kichwa. "Unajua inachora kila picha na rangi zote, lakini ikishindwa kufikisha kwa wakati inaruka zingine. Kwa maji huwezi jua. Maji ni maji."

Kadi ya pili iliikata picha pembeni, mikono yangu ikawa inaingia na kutoka kama mtu anayechungulia dirishani. Jepkorir alirekebisha mahali fulani kwenye televisheni, picha ikakaa nzima, lakini bado iliruka. Kumi na nne, kumi na nne.

Ya tatu aliitoa kwenye bahasha iliyotumika. Ilikuwa fupi, haina hata feni, na upande mmoja kuna gundi iliyokauka. Alikuwa ameing'oa kwenye kompyuta ya zamani iliyokuwa ikionyesha matangazo kwenye duka fulani. Alipoiwasha, blauzi yangu nyekundu ilionekana ya rangi ya chai ya maziwa.

"Rangi yake si mzuri," Jepkorir alisema. "Usitarajie kitu."

Lakini Makokha aliweka sindano chini. Alisogea hadi karibu na kioo. Mikono yangu ilikwenda mle ndani bila kukwama, kidole baada ya kidole, kama maji ya mfereji uliosafishwa. Hakuniangalia mimi, aliinua tu mkono wake mmoja kutoka gotini, akaufanya utiririke. Emmy alianza kuandika kabla hajaambiwa.

Walipomaliza nilichukua karatasi zao. Nilitaka sana ziwe ishirini kwa ishirini. Nilitaka kulala Jumapili. Hamjui jinsi nilivyotaka.

Kumi na sita. Kumi na sita.

Na makosa yalikuwa yale yale, kwenye mistari ile ile. Penye saba na penye nane, Emmy alikuwa ameandika zote mbili na alama ya kuuliza. Makokha hakuandika chochote. Aliacha nafasi nne tupu, nadhifu, kama vifungo vilivyodondoka.

Kwenye lugha yetu ya ishara, saba na nane zinafanana sana. Tofauti ni kidole gumba tu: kimegusa kidole gani.

"Bado inaruka," nikamwambia Jepkorir. "Tafuta nyingine."

"Hii hairuki, auntie. Angalia."

"Inaruka. Hawajaona namba."

"Ngoja basi niisimamishe hapo." Alibonyeza, mkono wangu ukaganda kwenye kioo, mkubwa kama sinia. Yeye hajui ishara hata moja. Aliukaribia mkono ule jinsi anavyokaribia waya uliokatika, akaweka ncha ya bisibisi kwenye picha. "Si hiki kinafaa kugusa hiki?"

"Kinagusa."

"Wapi?"

Nilitazama. Kati ya gumba langu na kidole lilichopaswa kukigusa kulikuwa na mwanya. Ungeweza kupitisha punje ya mahindi.

"Nenda mbele," nikasema. Alikwenda. Nane. Gumba lilikuwa palepale hewani, halikugusa kitu. "Mbele tena." Saba nyingine, gumba palepale.

Niliinua mkono wangu mwenyewe mbele ya uso, mkono wa nyama, nikajaribu polepole. Saba. Kidole kilikwenda, kikafika mahali, kikakataa. Nilipokilazimisha maumivu yalipanda hadi kwenye kiwiko, na nikayatambua. Yalikuwa maumivu yale ya kila asubuhi nikifunga vifungo. Ya kifuniko cha chupa ya chai. Ya kikombe ambacho sasa hukishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nikiyaita baridi ya Kitale.

Makokha alikuwa ananitazama.

"Tangu lini?" nilimwuliza.

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na hukuniambia. Wewe, unayeniambia nikinenepa."

Alimtazama Emmy. Emmy alitazama sakafu. "Ukiwa mbele yetu si shida," Makokha alisema. "Hatujaelewa, tunainua mkono, unarudia. Mdomo wako unasaidia. Uso wako unasaidia. Kilichopungua tulikuwa tunajaza wenyewe. Kwenye televisheni tutamwinulia nani mkono?"

"Na tarehe ya madaktari?"

"Niliona ni saba au nane. Nikachagua."

"Ungemwuliza mtu! Ungemwuliza Mchungaji, angekuandikia kwenye karatasi!"

"Ningemwuliza, angejua mkono wako umeisha. Angetafuta mtu mwingine." Mikono yake ikawa midogo, karibu na kifua. "Nilidhani nikibahatisha sawa, basi. Na hata mimi, Kikombe, nilitaka iwe ni kadi. Kadi inanunuliwa nyingine."

Mvua iliongea juu ya mabati. Jepkorir alitutazama mmoja mmoja.

"Wanasema nini?" akauliza.

"Wanasema kadi ni nzuri."

"Ati gani? Hii ya rangi ya uji?"

"Hiyo," nikasema. "Ifunge hiyo."

Tuliingia hoteli ndogo ya karibu wakati Jepkorir akimalizia kazi. Niliagiza chai na maandazi kwa watu watatu, na chai ilipokuja niliishika kwa mikono miwili, na safari hii nilijiona nikifanya hivyo. Makokha alikula. Emmy ndiye aliyesukuma sahani pembeni ili apate nafasi ya mikono.

"Mimi nitaingia kwenye televisheni," alisema.

"Wewe husikii."

"Wewe unasikia. Ijumaa nipigie simu ya picha. Kaa kwenye kiti, weka miguu juu ukitaka. Nieleze mahubiri kwa mikono hiyo hiyo mibovu. Nisipoelewa nitakuuliza mpaka nielewe. Kisha mimi nitayasema vizuri, nijirekodi, wao wataona mimi."

Ilikuwa rahisi kiasi kwamba iliniuma. Binti huyu nilimfundisha zaburi akiwa na meno ya kitoto. Sasa vidole vyake virefu, vyepesi, vya kusuka nywele toka asubuhi hadi jioni bila kukosa hata unywele mmoja, vilikuwa vinanyoosha mbele yangu kitu nilichokiomba kwa Mungu tangu mwezi wa pili. Nami nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka kupumzika. Sikutaka kupumzishwa.

"Nitafikiria," nikasema.

"Fikiria," Makokha aliingilia. "Lakini fikiria haraka. Madaktari watarudi mwezi ujao, na mimi sitabahatisha tena."

Wiki ile nilikwenda kwa daktari. Alinibonyeza mzizi wa gumba, nikaruka. Alisema kifundo kimelika, kwamba ni kazi na umri vimekutana, akanipa kifaa cha kitambaa kigumu cha kukifunga na kuniambia nipunguze. Nikamwuliza nipunguze nini. Akasema, chochote unachokifanya sana na mkono huu. Nilicheka peke yangu hadi nikafika nyumbani.

Kanisa la Matisi niliwaambia ukweli mwenyewe. Viziwi wanne wale wako mbele ya macho yangu, wanaweza kuinua mkono na kuuliza, kwa hiyo tulikubaliana niendelee polepole na kifaa changu, na namba niziandike kwenye ubao. Aliyenipa kazi kumshawishi ni Mchungaji Sifuna.

"Kiziwi amtafsirie kiziwi?" aliuliza kwenye simu. "Hiyo nayo ni ya wapi, dada? Na akikosea neno la Mungu?"

"Mimi nimelikosea tangu mwaka jana, Mchungaji, na mbingu hazijaanguka. Aliyeanguka ni Makokha. Alikwenda hospitali siku moja imepita, kwa sababu ya gumba langu, na wewe ukasema ni macho yake."

Nilisikia kuku wa nyumbani kwake.

"Macho yake ni mazima?"

"Anatia uzi kwenye sindano bila miwani."

"Basi nitamwomba msamaha," alisema. Na baadaye kidogo, "Huyo Emmy, mwambie mahubiri yangu nitayatuma Arhamisi. Asikimbizwe."

Emmy alinihangaisha. Ijumaa ile alinikalisha kwenye simu saa mbili nzima. Alinisimamisha kwenye kila jambo nililokuwa nikilipita kwa mazoea. Neema hii, ni ya kusamehe au ya kuvumilia? Huyu mtumwa, aliogopa au alikasirika? Mara nyingine ilibidi nirudie sauti ya Mchungaji nisikilize upya. Mkono uliponiuma niliutumia wa kushoto, ovyo kabisa, naye aliniuliza tu tena. Tulipomaliza nilitambua kwamba kwa miaka mingi hakuna aliyenikagua, na kwamba nilikuwa nimeanza kuhubiri usingizini.

Jumapili nilikwenda Bungoma kwa mara ya mwisho, hivyo nilijiambia, kuhakikisha kadi inafanya kazi. Nilifika ibada imeanza. Sikujua pa kukaa. Miaka kumi na tisa katika kanisa lile nimesimama, nimeutazama umati, sijawahi kuuona mgongo wake. Makokha aliniona, akasukuma wenzake, akapiga benchi kwa kiganja. Nikakaa kati yake na ukuta.

Emmy alikuwa kwenye televisheni, na Emmy huyo huyo alikuwa kwenye benchi, amejificha uso kwa aibu. Rangi ilikuwa ile ya uji. Gauni lake, ambalo najua ni la zambarau, lilionekana kama limefuliwa mara mia. Mama wa nyuma yangu alimwambia mwenzake, "Ile ya kwanza ilikuwa safi kuliko hii." Lakini benchi la kwanza lilikuwa limetulia jinsi sijawahi kuliona. Hakuna aliyekunja uso. Hakuna aliyemgusa jirani kuuliza. Kwenye mfano wa mtumwa walicheka wote saba kwa pamoja, mahali ambapo mimi sikuwahi kuwachekesha.

Kisha yakaja matangazo. Madaktari wangerudi. Emmy wa kwenye kioo aliinua mkono, na gumba lake likaenda likagusa, taratibu, likakaa, kama mtu anayefunga mlango na kuhakikisha umefunga. Makokha alitoa kalamu ya chaki ya ushonaji, akaandika kwenye kiganja chake, akanisogezea nione. Nane. Nilitikisa kichwa kukubali. Alifumba ngumi juu ya namba ile.

Emmy alikuwa amemaliza. Kioo kikawa cheusi. Mchungaji Sifuna, ambaye siku zote mahubiri yake ya Jumapili hurefuka kuliko aliyoyatuma, alikuwa ndiyo kwanza anafungua Biblia upya. Watu wenye masikio walijipanga vizuri kwenye viti, maana njia ilikuwa bado ndefu. Benchi la kwanza lilikuwa limeshiba, limetulia, linatazama dari. Niliweka mikono yangu juu ya mapaja, mmoja umefungwa kitambaa, mmoja mtupu. Haikuwa na kazi. Niliitazama nikingoja inidai kitu, haikudai.

Mtu alinigusa bega. Nilifumbua macho nikidhani ibada imeisha, lakini Mchungaji alikuwa bado anahubiri, na jua la dirishani lilikuwa limehama hadi magotini kwangu.

"Unakoroma," Makokha aliniambia.

"Wewe umejuaje?" nilimwuliza kwa mkono wa kushoto.

"Benchi linatetemeka."

Kisha akasogea kidogo upande wa Emmy, akaniachia nafasi ya kuegemea ukuta.